Maji Yametangulia

Chupa ya tatu ilikuwa haijajaa nilipoulizwa swali lile.

Ilikuwa Julai, jua halijachomoza, ufuoni Dunga, Kisumu. Mitumbwi ya omena ilikuwa imevutwa nchi kavu, maana uvuvi wa omena, dagaa wetu wa ziwani, hufungwa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai ili wazaliane. Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria, ilikuwa imetulia, na juu ya maji kulikuwa na ule utando wa kijani ambao wavuvi wameuzoea na ambao mimi nimeusomea kwa miaka minane.

Mzee aliyenipeleka alikuwa ameshika kasia bila kupiga. Amekuwa akinipeleka majini tangu nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili. Hupokea chupa moja moja kutoka mkononi mwangu na kuzipanga kwenye kasha la barafu kwa namba, na nikikosea namba hunirekebisha.

"Nyathina," akaniita, mwanangu, kama anavyoniita siku zote. "Hizi za leo zinaenda wapi?"

Nikamwambia zinaenda Ulaya. Kuna maabara huko inayosoma vinasaba vya mwani, nayo imeomba maji ya Winam kwa mara ya pili.

Akaitikia kwa kichwa. Akafunga kasha. Kisha akauliza huku akitazama upande wa Ndere:

"Na wewe wanakuchukua lini?"

Sikumjibu. Nilishika kipimajoto nikajifanya nakisoma.

Swali hilo limenikaa kifuani kwa zaidi ya wiki kumi sasa. Kiswahili kiliipa shahada yetu ya PhD jina la uzamivu, kutokana na kuzama: mtu ameshuka chini ya maji na kuibuka na kitu. Lakini kwenye shina hilohilo kuna kuzamia, na watu wa pwani wakisema fulani amezamia, wana maana amejificha melini akaenda zake ng'ambo. Kwa miaka miwili nimekuwa mzamivu anayetafuta njia ya kuondoka, na asubuhi ile mtumbwini nilishindwa kujieleza maneno haya mawili yanaachana wapi.

Safu ya majibu

Wengi mnaosoma hapa mmeyapitia, kwa hiyo sitaeleza kwa kirefu nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu, ile ajira ya muda ya utafiti, ni kitu gani. Postidoki, tukiwa wenyewe kwa wenyewe. Nitaeleza jinsi nilivyoitafuta.

Nilipohitimu nilirudi kwenye kibarua cha kufundisha: mhadhiri wa muda katika kampasi mbili, moja hapa mjini na nyingine mwendo wa saa moja na nusu kwa matatu. Malipo ya muhula huja muhula mwingine ukiwa katikati, na kuna mihula ambayo bado nadai. Saa kumi na moja alfajiri, mwanangu hajaamka, nilikuwa nafungua EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya nafasi za watafiti, kisha kurasa za ajira za majarida makubwa ya sayansi, nikitafuta maneno matatu: maziwa, mwani, sumu. Tangazo likipatikana, mafaili yalikuwa tayari: barua, wasifukazi, muhtasari wa tasnifu, majina ya watu watatu wa kunipendekeza. Nilibadilisha jina la chuo, nikagusagusa sentensi mbili za mwanzo, nikatuma.

Nilikuwa na daftari. Tarehe, chuo, mradi, jibu.

Maombi 41.

Safu ya majibu ndiyo iliyokuwa ngumu kuitazama. Mistari 26 haikuwa na kitu. Mistari 13 ilikuwa na neno moja, hapana. Miwili ilikuwa na tarehe ya mahojiano.

Mahojiano ya kwanza yalihusu mradi wa sumu za mwani katika maziwa ya maji baridi. Nilikuwa nyumbani kwangu kabisa. Sumu hizo, mikrosistini, ndizo nilizozipima Winam: hushambulia ini, na kuchemsha maji hakuziondoi. Nikaeleza kwa nini ghuba yetu huota mwani kiasi kile. Kina chake ni kifupi, imeungana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba wa Rusinga, na mito kama Nyando na Kibos huingiza udongo na mbolea ya mashamba, juu ya maji machafu ya mji. Waliuliza, nikajibu, wakaandika.

Kisha mmoja wao akauliza, "Usomaji wa vinasaba ulioko kwenye makala yenu, uliufanya wewe mwenyewe?"

Hapana, nikasema. Ulifanywa kwenye maabara tuliyoipelekea sampuli.

"Na uchambuzi wa data yake?"

Hukohuko.

Akashukuru. Sauti yake haikubadilika, lakini mimi nilijua mahojiano yamekwisha dakika ishirini kabla ya saa kutimia.

Nilichelewa mno kuliona duara lile. Maji yanaenda. Ujuzi wa kuyasoma unabaki yalikokwenda. Kisha nafasi inatangazwa, na anayeitwa ni mwenye ujuzi. Katika makala ile mimi ni mwandishi wa nne kati ya tisa, na mtu anayesoma orodha hiyo kutoka mbali hana namna ya kujua kwamba wa nne ndiye aliyekuwa mtumbwini.

Kabla sijaandika

Barua iliyonigeuza ilikuwa ya kunikataa.

Za kukataa huwa zinafanana, zimeandikwa na mfumo, zinakutakia heri katika safari yako. Hii iliandikwa na mtu. Profesa mwenyewe, mistari mitano. Alisema maombi yangu hayakuwa na kasoro aliyoiona. Alisema mradi wenyewe aliuandika miaka miwili kabla ya tangazo kutoka, na kila kazi ilikuwa imekwisha kupimwa: mwezi wa kwanza hadi wa sita hiki, wa saba hadi wa kumi na nane kile, kwa mashine hii, kwa programu ile. Pesa zilipoingia alihitaji mtu ambaye tayari anaifanya kazi hiyo. Akafunga kwa maneno haya: "Wakati mwingine niandikie kabla sijaandika mradi."

Niliisoma nikiwa kwenye matatu, tumefika Kisian.

Naomba mkae nayo kidogo sentensi hiyo, kama nilivyokaa nayo mimi. Nilikuwa nikidhani tangazo ndio mlango. Kumbe tangazo ni hatua ya mwisho ya jambo lililoanza mbali, mezani kwa mtu, alipokuwa akijiuliza nini hakijulikani na nani anaweza kusaidia kukijua. Wakati huo ndipo maeneo ya utafiti hutajwa. Wakati huo ndipo sampuli huhesabiwa. Nafasi ya mtu nayo hukatwa hapo, kama fundi anavyokata kitambaa, na tangazo likitoka kinachotafutwa ni mwili wa kuingia katika nguo iliyokwisha kushonwa.

Maji ya Winam yalikuwemo katika mradi wa ile maabara niliyomtajia mzee tangu siku ya kwanza. Wao waliyaandika. Waliandika hata idadi ya chupa.

Mimi sikuwemo, na nilipopokea barua ya kuomba maji, nilijibu siku hiyohiyo kwa furaha: ndiyo, mnataka lita ngapi?

Pale Kisian, dirishani, kuna lango la KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba. Taasisi hiyo ilianzishwa 1979, na tangu mwaka huo imefanya kazi hapa na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa. Ninao wenzangu niliosoma nao shahada ya kwanza ambao walijifunza kusoma vinasaba vya malaria ndani ya uzio ule, na jioni wakala chakula cha kwao. Kwa mbu mambo yaliwezekana. Sampuli ilitoka kijijini, ikasafiri nusu saa, ikasomwa na mtu wa hapo. Nilipopita lango lile siku hiyo nilikuwa na wivu, lakini pia nilikuwa na ushahidi.

Karatasi kabatini

Baada ya swali la mzee nilirudi nyumbani nikatoa mkataba wa kuhamisha sampuli. Niliuandaa mimi, wakubwa wakatia sahihi. Mwaka jana niliusoma haraka haraka nikitafuta mambo mawili: tarehe ya kusafirisha na baridi inayotakiwa, kwa kuwa vichujio vyetu vilivyonasa mwani husafiri kwenye barafu kavu na vikiyeyuka njiani kazi ya mwezi imepotea.

Safari hii niliusoma kama mtu anayesoma wosia.

Mnajua mlolongo wa vibali. Leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya kanuni za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki, na nyuma ya yote hayo Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali hizo, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, ambayo Kenya ni mwanachama wake. Tunavilalamikia vibali hivi kwa sababu huchelewesha. Mimi pia nimevilalamikia, nikiwa na kasha la barafu mkononi na karatasi moja haijafika.

Lakini itifaki ile ina nyongeza mwishoni, na nyongeza hiyo inaorodhesha faida zinazopaswa kujadiliwa pale kiumbe cha nchi moja kinapokwenda kusomwa nchi nyingine. Za pesa zimetajwa. Zisizo za pesa ni nyingi zaidi: kushirikiana katika utafiti wenyewe, ikiwezekana katika nchi kilikotoka kiumbe, kupata mafunzo, kupata teknolojia, kushiriki katika matokeo. Nilisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Nilikuwa nikiomba kwa watu 41 kitu ambacho, kwa maji yangu mwenyewe, nilipaswa kuketi mezani kukizungumzia.

Kwenye mkataba wetu kifungu hicho kilikuwepo. Kilisema pande mbili zitakubaliana kuhusu mafunzo. Chini yake, nafasi tupu.

Hakuna aliyetudhulumu. Wale wa Ulaya walituma fomu yenye nafasi ya kujazwa, na sisi tuliirudisha ilivyo. Mmoja wa walioirudisha ilivyo ni mimi.

Siku tisa

Ilinichukua usiku tatu kuandika barua pepe ya aya nne.

Hofu yangu ilikuwa moja na nitaisema wazi, maana najua wapo wengine wanaoibeba. Niliogopa wataona nawawekea masharti, wamtafute Mkenya mwingine wa kuchota maji. Ziwa ni kubwa. Wenye chupa ni wengi. Mtu asiye na ajira ya kudumu hujifunza kuitikia ndiyo haraka sana, na mazoea hayo hukaa mwilini.

Safari hii sikueleza nilichofanya. Niliandika kitu ninachotaka kukijua. Mwani wa Winam una kijani kilekile mwaka mzima, lakini kuna wiki una sumu na wiki hauna, kwa sababu ndani yake kuna aina zinazotengeneza sumu na aina zisizotengeneza, zimechanganyika, na kwa macho hazitofautiani. Nataka kujua ni nini kinachozipa nafasi zile zenye sumu: ni mvua za Nyando, ni joto, ni upepo unaosukuma gugumaji kwenye ufuo na kuyazibia maji hewa? Nikaongeza jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Mzee wangu wa Dunga husema wiki mbaya anaijua kwa harufu kabla hajashusha nyavu. Kwa miaka minane nimelichukulia kama mazungumzo ya mtumbwini. Nikaandika kwamba nataka kulipima.

Kisha nikamaliza: sampuli za mwaka ujao nitazileta mwenyewe, nikiwa mtafiti wa baada ya uzamivu katika maabara yenu, na naomba tuandike pamoja maombi ya pesa za nafasi hiyo.

Nikatuma saa tano usiku. Nikazima simu.

Siku tisa.

Jibu lilipokuja halikuwa na maneno mengi. Kiongozi wa maabara alisema suala la harufu limemfanya asome barua mara mbili. Alisema hakujua kwamba natafuta nafasi, kwa kuwa sikuwahi kumwambia. Alisema tarehe ya mwisho ya ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ule wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti, ni mapema Septemba, na kama nina kurasa mbili za wazo kufikia Ijumaa, wao wako tayari kuwa wenyeji.

Hakujua. Miaka miwili ya barua pepe kuhusu nyuzi joto na namba za chupa, na hakujua.

Nani mwenyeji

Hilo neno, mwenyeji, limenifikirisha. Katika masharti ya ufadhili huu, chuo cha Ulaya ndicho mwenyeji na mtafiti ni mgeni anayehamia. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wao walipokuja Winam miaka mitatu iliyopita, mwenyeji alikuwa nani? Niliwapokea mimi, nikawatafutia mtumbwi, nikawaonyesha mahali pa kutua. Walipoondoka, waliopona ni wageni.

Masharti yenyewe nitayapitia kwa wanaofikiria kuomba, kwa sababu nilipoteza muda mwingi kwa kutoyajua. Unahitaji uzamivu, na usiwe umepita miaka 8 ya utafiti tangu uupate, ingawa baadhi ya mapengo hayahesabiwi. Usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Maelezo ya mradi hayazidi kurasa 10. Ubora wa wazo hubeba asilimia 50 ya alama, matokeo yanayotarajiwa 30, mpango wa utekelezaji 20. Ukipata, unaajiriwa kwa mkataba, na kuna posho ya familia kwa mwenye nayo. Nina mtoto wa miaka sita. Mstari huo wa posho niliusoma nikiwa nimesimama.

Kuna kitu kingine humo kilichonichoma. Ufadhili una njia mbili. Ya kwanza humleta mtafiti wa taifa lolote kufanya kazi Ulaya, miezi 12 hadi 24. Ya pili humpeleka mtafiti nje ya Ulaya, kisha humrudisha kwao kwa mwaka mmoja, na hiyo ni ya raia wa Umoja wa Ulaya, wa nchi zilizoungana nao katika mpango huo, na wakaazi wao wa muda mrefu. Mtafiti wa kule aweza kulipwa aje Kisumu kulisoma ziwa letu na arudi kwao. Mimi nalipwa nikiondoka.

Nilikaribia kuacha hapo.

Kilichonirudisha ni mstari mmoja katika mwongozo, ambao huenda wengi wanaupita kama nilivyoupita mara ya kwanza. Mtafiti anaruhusiwa kutumia hadi theluthi moja ya muda wake katika taasisi nyingine, popote duniani. Theluthi ya miezi 24 ni miezi 8. Nikachukua kalamu nikagawanya: miezi minne ya mvua za masika, miezi minne ya kiangazi, yote hapa, na taasisi ya Kisumu ikitajwa kwa jina katika mpango. Katikati, miezi 16 ya kujifunza kusoma vinasaba kwa mikono yangu.

Uwezekano si mkubwa. Mwaka 2024 waliomba watafiti 10,360 na waliopewa ni 1,696, kama mmoja kati ya sita. Naijua hesabu hiyo na nimeomba.

Maji ya Januari

Rafiki yangu wa Nakuru hakufurahi nilipomwambia. Yeye husomea ndege wa Ziwa Nakuru, ana uzamivu kama mimi, na ameamua hatafuti nafasi ya nje. Tulizungumza kwa simu mpaka chaji ikakaribia kwisha.

"Ukiondoka miezi kumi na sita," akaniuliza, "nani atachota maji ya Januari?"

Yeye ana sababu ya kuuliza. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, chumvi ikapungua, chakula cha heroe kikapungua nayo, na ndege kwa maelfu wakahamia kwingine. Anasema ziwa halikungoja mtu arudi kutoka masomoni. Mwezi usiopimwa haurudi. Anaamini nguvu yetu sisi tuliobaki ni kuwepo tu, mwezi baada ya mwezi, na kwamba anayeondoka anakata uzi ambao hakuna mashine ya Ulaya inayoweza kuuunga.

Sikuwa na jibu la haraka, na bado silipati lote.

Nilimtajia Mbita. Mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo alipoanzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, mwaka 1970, alitaka sayansi ya wadudu ya hali ya juu ifanyiwe hapa. Mwanzoni, maprofesa wakubwa wa nje walikuja na kuondoka kama wakurugenzi wa utafiti, huku watafiti vijana wakifanya kazi Kenya siku zote. Alikuwa na uzamivu wa Cambridge, na aliutumia kujenga mahali ambapo wengine wangekuja. Kituo cha Mbita, ng'ambo tu ya Rusinga, leo kina jina lake. Kule ndiko ilikoimarishwa mbinu ya sukuma-vuta, ya kupanda mahindi pamoja na mmea wa desmodiamu na kuzungushia majani ya kulisha mifugo, na mkulima wa huku akapunguza viwavi wa mabua na gugu la kayongo kwa pamoja.

"Odhiambo alirudi," rafiki yangu akasema.

Ndiyo. Ndio maana niliandika ile miezi 8 kabla ya kuandika kitu kingine chochote.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi andika pia nani atachota Januari." Simu ikakatika.

Ukurasa wa saba

Nililala na hilo. Nani atachota.

Jibu lilikuwa mbele yangu miaka minane. Kuna mtu anayejua vituo vyangu vyote sita bila ramani, anayepanga chupa kwa namba, anayenirekebisha. Nilikwenda kwenye rafu nikachukua tasnifu yangu nikafungua ukurasa wa shukrani. Nimemshukuru Mungu, wasimamizi, mama yangu, wafadhili. Mwishoni kabisa nimeandika: na wavuvi wa Dunga.

Wavuvi wa Dunga. Huyu mtu ana jina.

Niliketi kitandani na kitabu kile mapajani, nikaona kwamba kule Ulaya kuna watu walionifanyia mimi kwa miaka miwili kile ambacho mimi nimemfanyia yeye kwa minane. Walichukua maji na kunilipa gharama za siku. Nilichukua ujuzi wake na kumlipa petroli.

Nikaandika upya mpango wa kazi. Ufadhili una fungu la gharama za utafiti, na humo nikatenga malipo ya kila mwezi ya mchukua sampuli wa Dunga, akishirikiana na mwanafunzi wa uzamili, miezi yote 24, Januari zote mbili. Kipimo cha harufu kimeandikwa kama njia ya utafiti, na yeye kama mwenye maarifa hayo, kwa jina kamili. Ukurasa wa saba. Kiongozi wa maabara hakuondoa neno hata moja.

Tulituma Septemba, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho. Majibu huja kama Februari.

Wiki iliyopita nilishuka Dunga. Omena imefunguliwa, mitumbwi ilikuwa inarudi na taa zake, akina mama wamesimama na beseni. Mzee alikuwa anasubiri, kasha la barafu limekwisha kuoshwa. Tulipofika kituo cha kwanza nikatoa simu, nikafungua faili, nikamsomea ule mstari kwa Kijaluo kisha kwa Kiswahili. Akaomba nirudie.

"Februari," akasema. "Tutakuwa bado tunavua."

Akaomba kuliona jina lake. Nikamsogezea simu. Akaishika mbali na macho, akaisogeza, akalitazama kwa muda.

"Hapa umekosea," akasema. "Herufi hii si hii."

Maombi yalikwisha kutumwa, hayafunguki tena. Nikachukua kalamu ya wino usiofutika na lebo ya chupa ya kwanza. Kwenye lebo zangu kuna mstari wa aliyechukua sampuli, na kwa miaka minane mstari huo umekuwa na herufi mbili za majina yangu. Nikamwambia anitajie jina lake polepole. Akalitaja, herufi moja moja, nami nikaandika.